Vidudu vya kijivu kwenye nyumba yetu ya Reading: miezi minane na hela nilizopoteza

Naandika hii kwa ajili ya watu wetu walioko Uingereza, hasa mnaokaa kwenye zile nyumba za zamani za matofali mekundu zilizoungana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, maana ndani ya mwaka mmoja nimeshaulizwa na watu watatu kuhusu hivi vidudu na wote watatu walikuwa wameshanunua dawa kabla ya kuniuliza. Mi pia nilianza na dawa. Ningepata mtu wa kunielekeza siku ya kwanza mwanangu asingekohoa usiku kucha, na kanga za mama yangu zingekuwa zimeshafika Tanga.

Nyumba tuliinunua Agosti 2021, hapa Reading, mtaa wa Newtown, kule kati ya barabara ya London Road na mto Kennet. Nyumba nyingi za huku ni za karne ya 19, enzi ambazo kiwanda cha biskuti cha Huntley & Palmers kilikuwa kinaajiri maelfu ya watu na wafanyakazi wake wakikaa mitaa hii. Yetu ina vyumba viwili juu, sebule mbili chini, jiko nyuma, na kauwani kadogo ambako mwenye nyumba aliyetangulia alijenga kitalu cha maua kizuri sana kimeegemea ukuta wa sebule ya nyuma. Kile kitalu ndo kilinifanya niipende nyumba, nilimwambia mume wangu hapa tunapanda mchicha na kotmiri. Mkikumbuke hicho kitalu nitakirudia.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza na mi sikuuliza ni sakafu. Kwetu tumezoea unamwaga jamvi la zege, unapiga plasta, unatandika mkeka, basi. Nyumba hizi za zamani sakafu ya chini ni mbao, mbao zimekaa juu ya boriti, na chini ya boriti kuna uwazi mtupu wenye giza, wa kwetu ni kama nusu mita mpaka ufike kwenye udongo. Nimekaa juu ya ule uwazi karibu mwaka mzima sijui kama upo.

Mvua za Oktoba zilipokolea ndo wakatokea. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko (nafanya kazi ya kea, yaani kutunza wazee, zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee), nimeamka alfajiri, nimetandika mswala sebule ya nyuma, na wakati wa kusujudu nikaona kitu cha kijivu kinatembea pembeni ya zulia kuelekea ukutani, taratibu kabisa. Nilipotoa salamu nikawasha tochi ya simu nikainua pazia. Nilihesabu kumi na moja. Gamba la vipande vipande limepandana kama bati za paa, mwili kama punje ya kunde iliyobanwa, miguu mingi midogo. Nikamgusa mmoja kwa ncha ya kalamu akajikunja akawa duara kamili, kama kakakuona, akabingirika mpaka kwenye mguu wa kochi. Mwingine nikamgusa hakujikunja, alikimbia, na huyo nyuma alikuwa na vijimkia viwili. Watoto walipoamka wakawapa jina hapohapo, gololi, na mpaka leo nyumbani kwetu wanaitwa gololi, wanaojikunja na wasiojikunja wote.

Jina la Kiswahili sikuwa nalo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nawaona chini ya mawe na chini ya vyungu vya maua, unainua wanatawanyika, hakuna aliyewahi kunitajia jina wala kushughulika nao. Waingereza jina wanalowaita, woodlice, ukilitafsiri neno kwa neno ni chawa wa mbao, na hilo jina lilinitia hofu ambayo iliniharibia miezi iliyofuata. Nikasikia chawa nikawaza vichwa vya watoto, nikasikia mbao nikawaza mchwa, na mtu aliyekulia Tanga anajua mchwa akishaingia kwenye fremu ya mlango ni nini kinafuata. Tulikuwa na mkopo wa miaka 30 kwenye ile nyumba.

Jioni ile nikampigia mama simu. Baada ya shikamoo na habari za watoto nikamweleza, nikamtumia na video WhatsApp. Akaangalia akasema, "Mwanangu, hawa si wale wanaokaa chini ya mtungi? Tafuta mtungi wako unavujia wapi." Nikamwambia mama huku hakuna mtungi, maji yanatoka bombani. Akasema haya, mungu akusaidie, tukaongea mengine. Mama yangu hajafika Ulaya hata siku moja na alilijua tatizo langu kwa video ya sekunde 20, mi nililipokea jibu mwezi wa tano mwaka uliofuata.

Sasa nieleze nilichofanya badala yake, na naomba msikifanye.

Nilinunua dawa ya kupuliza, ile ya makopo. Kopo la kwanza, la pili, mpaka Januari nilikuwa nimemaliza sita, kama pauni 41 hivi zote. Nilipuliza kando ya skating (zile mbao za chini ya ukuta) za sebule zote mbili, chini ya kabati la jikoni, kwenye kistoo cha chini ya ngazi, na siku moja, hii inaniuma kuisema, nilipuliza chini ya kitanda cha mtoto mdogo kwa sababu nilimwona gololi mmoja kwenye ngazi nikaogopa watapanda. Mwanangu ana pumu. Alikohoa kuanzia saa nne usiku, tukampa pampu ya bluu mara mbili, tukakaa naye sebuleni dirisha wazi na baridi ya Desemba mpaka akatulia. Alikuwa na miaka minne. Wale vidudu hawang'ati, hawanyonyi damu, hawaleti ugonjwa wowote kwa mtu, na mi nilimwekea mwanangu sumu ya kuvuta ili kumlinda na kitu kisichoweza kumdhuru.

Alafu dawa inaua unaowaona. Asubuhi unafagia wamekufa miguu juu, unajisifu, kesho asubuhi wako wengine walewale. Nikanunua na unga wa kuulia sisimizi nikaumwaga kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, pauni 9, mvua ikanyesha ukawa uji.

Januari nikamwita mtu wa kuua wadudu. Pauni 120 ziara ya kwanza, 60 ya pili. Alikuwa mstaarabu na nisimsingizie, alinambia kabisa kwamba kama kuna unyevu mahali watarudi, lakini alilisema mlangoni wakati anaondoka na mi nilikuwa nasikiliza neno moja tu, amemaliza. Wiki mbili tulikaa kwa amani. Wakarudi.

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya mwisho wa mwezi huohuo. Nilikuwa natoa takataka mbele ya nyumba usiku, nikamulika tochi ukutani chini ya dirisha, nikawaona wanaingia na kutoka kwenye tofali lenye matundu. Yako mawili mbele, matofali mawili yenye vitundu vidogo vya mraba karibu na ardhi. Nikasema leo nimeijua njia yao! Kesho yake nikanunua povu la kuziba, lile la kopo linalofura, pauni 8, nikayajaza matundu yote mawili mpaka povu likatoka nje, nikalikata kwa kisu likawa bapa. Nilijisikia fundi. Mume wangu alipotoka kazini nikamwonyesha akanipongeza, na yeye hakuwa anajua.

Yale matundu hayajawekwa kwa mapambo. Ndo yanayoingiza hewa kwenye ule uwazi chini ya sakafu ili mbao zikae kavu, upepo uingie mbele utokee nyuma. Ukiyaziba umefunika chungu kilichochemka, mvuke wote unabaki ndani. Na kuna nyumba ambazo tundu kama hilo ukutani ndo linalopeleka hewa kwenye moto wa gesi au boila, ukiliziba hilo unaweza kuua familia yako kwa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo tundu lolote usilolijua kazi yake usiliguse kabla hujamuuliza mtu anayejua.

Februari nyumba ikaanza kunuka, siyo harufu ya uchafu, ni ile harufu ya godoro lililolowa likakauka kivulini. Nilifua mapazia, nikaosha zulia, nikachoma udi kila Alhamisi na harufu ikawa inarudi ukishaisha. Tulikuwa tunakausha nguo za watu watano juu ya radieta na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, nilikuwa napika wali wa nazi na maharage jikoni bila kufungua hata kidirisha, asubuhi vioo vinatiririka maji mpaka yanadondoka kwenye fremu. Yote hayo niliyaona ni mambo ya kawaida ya Ulaya.

Machi nilifungua kistoo cha chini ya ngazi nitoe mzigo wa kutuma nyumbani ufike kabla ya Idi. Nilikuwa nimeukusanya kidogokidogo toka tuhamie, maboksi matatu ya karatasi ngumu, ndani kuna mashuka, viatu vya wadogo zangu, na kwenye boksi la chini kabisa doti nane za kanga nilizokwenda kuzichagua mwenyewe Dar nilipokuwa likizo nikazileta huku kwa kuwa nilitaka nizipinde na kuzifunga vizuri na zawadi nyingine kwa ajili ya mama na mashangazi. Nikalishika boksi nikalinyanyua, likanyanyuka juu, chini likabaki. Kitako chake kilikuwa kimelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Na kwenye ile karatasi iliyobaki sakafuni walikuwa wamejaa, wakubwa kwa wadogo, vitoto vyeupe vidogo kama chembe za sukari, sijui mia, sikuhesabu. Kanga za juu zilikuwa na madoa meusi ya ukungu, za chini zilikuwa zimeshikana. Nilizifua mara nne, nikaweka siki, nikaanika juani jua lilipopatikana, nikaokoa doti tatu. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na sikuweza kumwambia mama mpaka ilipopita Idi.

Kanga zile zilioza kwa unyevu, gololi walikuja baadaye kula karatasi iliyooza na ukungu wake. Wakati ule sikuweza kuona tofauti.

Ramadhani ya 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili. Niliwaalika mashoga zangu wanne na waume zao kufuturu, nikatandika mkeka sebule ya nyuma, uji wa pilipili manga, sambusa, tambi, vitumbua. Wakati wa adhana mmoja wao ananyoosha mkono kuchukua tende nikamwona gololi anapita kati ya sahani ya vitumbua na jagi. Yule dada alimfunika kwa kitambaa cha mkono kimyakimya akakikunja akakiweka pembeni yake, hakusema neno, akanipa tende. Mungu amlipe. Lakini mi futari ile haikupita kooni. Kwetu mdudu kwenye mkeka wa wageni maana yake mwenye nyumba mchafu, na nilikuwa nimesafisha siku mbili mfululizo.

Baada ya Idi nikasema sasa nalimaliza kwa hela. Nikapiga simu kampuni moja ya mambo ya unyevu, wakatangaza ukaguzi ni bure. Akaja kijana na kipimo chenye sindano mbili, anachoma ukutani kinalia, anachoma pengine kinalia, robo saa tu, hakutoka nje, hakuuliza kuhusu sakafu. Akasema unyevu unapanda kutoka ardhini, inabidi kutoboa kuta zote za chini na kuchoma dawa, kubandua plasta mita moja kwenda juu na kupiga nyingine. Pauni 3,400, na nikisaini siku hiyo napunguziwa asilimia kumi. Nilikuwa na kalamu mkononi. Mume wangu akasema tusubiri mshahara uingie, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Baadaye nimejifunza kwamba kile kipimo kimetengenezwa kwa ajili ya mbao, kwenye plasta ya zamani yenye chumvi kinaweza kulia hata ukuta ukiwa mkavu, kwa hiyo mtu akikuletea kipimo hicho na bei papohapo na dawa anauza yeye mwenyewe, usisaini. Ukaguzi wa bure unalipwa na kazi utakayopewa.

Aliyetuokoa ni jirani. Ni mzee wa Barbados, Reading ina Wabarbados wengi wa miaka mingi, yeye alikuja miaka ya 60 akiwa kijana na maisha yake yote alikuwa fundi wa kujenga. Mwisho wa Mei aliniona uani nanyunyiza unga kando ya ukuta, akasimama kwenye uzio akaniangalia, akaniuliza nauweka kwa ajili ya nini. Nikamweleza yote, hata ile bei. Akasema nisubiri, akaja na mwiko wake wa zamani.

Akapiga magoti kwenye kile kitalu changu cha maua. Akachimba kando ya ukuta, vidole vinne tu kwenda chini akaacha, akaniita. Kulikuwa na mstari mwembamba mweusi kati ya tofali na tofali, kama mtu kapitisha kalamu ya risasi. Akasema hii ni sleti, jiwe bapa, waliliweka waliojenga ili maji ya ardhini yasipande. Nikamwelewa mara moja kwa sababu hata mafundi wetu nyumbani wanaweka DPC, yaani tabaka la kuzuia unyevu usipande, wao wanatumia nailoni. Sasa udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya huo mstari kwa sentimita 15 angalau, na wangu ulikuwa juu yake. Maji yalikuwa yanaruka DPC kupitia udongo wa kitalu na kuingia ukutani. Akaendelea kuchimba, akatoa tofali la tatu lenye matundu, ambalo sikujua kama lipo, limezikwa zima, matundu yote yameziba kwa tope na mizizi ya maua. Hewa ya nyuma hakuna. Akaniuliza ya mbele yakoje.

Nikampeleka mbele nikamwonyesha povu langu. Hakunisema. Alilishika lile povu akalibonyeza, akavuta pumzi, akasema tuanze na haya leo kabla jua halijazama. Tulikaa saa mbili tunalichokoa kwa bisbisi na waya.

Kitu kingine alichonifundisha ni kutoka nje wakati mvua inanyesha. Sisi mvua ikinyesha tunaingia ndani, kwa hiyo nyumba inavyolowa hatuioni. Siku tatu baadaye ilinyesha nikavaa koti nikasimama uani na mwavuli nikaangalia juu. Maungio ya gata, ule mfereji wa maji ya mvua kwenye paa, yalikuwa yameachana, maji yanadondoka mfululizo kama bomba lisilofungwa vizuri, yanagonga ukuta hapohapo juu ya kitalu, tofali zote za pale zina ukijani. Huo ndo mtungi wangu.

Kurekebisha gata pauni 85. Udongo wa kitalu tuliutoa wenyewe, mi na mume wangu na koleo, wikendi mbili, tukashusha mpaka mkono mzima chini ya ule mstari wa sleti tukamwaga kokoto. Matofali mapya matatu ya matundu pauni 36, mzee aliyaweka mwenyewe akakataa hela, akakubali pilau. Alafu akasema lazima tufungue sakafu tuone boriti, hapo tukamtafuta seremala.

Nilikuwepo mbao zilipong'olewa sebule ya nyuma. Harufu ileile ya godoro ikapanda usoni. Seremala akamulika, akashuka, akachukua bisbisi akaigusisha kwenye kichwa cha boriti pale inapoingia ukutani, ikazama mpaka kwenye mpini bila kusukuma, kama unachoma kiazi kilichoiva. Akapima kwa kipimo cha mbao ikasoma unyevu asilimia 26, akanieleza kuwa kuanzia 20 kwenda juu mbao inaanza kuwa kwenye hatari ya kuoza. Na gololi walikuwa hapo, wamejipanga kwenye ule uozo na chini ya vipande vya magazeti na vumbi la mbao walivyoacha mafundi wa zamani. Boriti mbili zikakatwa vichwa zikaungwa mpya, mbao kadhaa zikabadilishwa, takataka zote zikatolewa, pauni 620. Tungesubiri miaka mingine miwili, alisema, tungekuwa tunazungumza sakafu nzima.

Hapo ndo nikataka kujua hawa viumbe ni nini hasa, nikakaa nikasoma. Si chawa, si mchwa, kitaalamu hata wadudu si wadudu. Ni ndugu wa kaa na kamba! Wana miguu 14, saba kila upande, na wanapumua kwa vitu mfano wa mashavu ya samaki vilivyo chini ya tumbo upande wa nyuma, ambavyo lazima vibaki na unyevu, vikikauka anakufa. Jike anabeba mayai kwenye kifuko cha majimaji chini ya kifua, anatembea nayo mpaka vitoto vitoke. Chakula chao ni vilivyooza, majani, karatasi, ukungu, mbao iliyokwisha kuoza, mbao nzima kavu hawaigusi. Kwa hiyo kiumbe wa namna hii akitembea sebuleni kwako kila siku kwa miezi, kuna mahali karibu panapomnywesha, kwa sababu ndani ya nyumba iliyokauka hamalizi siku nyingi. Ningejua hili Oktoba ningenunua kipimo cha unyevu wa hewa cha pauni 9 badala ya makopo sita.

Kipimo hicho nilikinunua Juni. Sebule ya nyuma ilisoma asilimia 78. Nikanunua mashine ya kuvuta unyevu iliyotumika, pauni 70 kwa mtu Facebook, wiki ya kwanza nilikuwa namwaga ndoo yake kila siku, lita mbili, siku nyingine tatu. Nguo tukahamishia chumba kimoja chenye mashine hiyo na mlango umefungwa. Sufuria zina vifuniko, dirisha la jiko linafunguliwa robo saa asubuhi na robo saa baada ya kupika, hata baridi iweje. Nikaweka brashi chini ya mlango wa nyuma, pauni 11, na silikoni kuzunguka mabomba chini ya sinki, 7. Silikoni sawa, ziba nyufa na mipenyo ya mabomba, matundu ya hewa hapana.

Waliobaki ndani niliwatoa bila dawa. Unakata kiazi mviringo vipande viwili, unakichimba katikati kwa kijiko, unakifunikiza sakafuni usiku karibu na ukuta. Asubuhi unakiinua wamejikusanya humo, unawapeleka mbali mwisho wa ua kwenye mboji, huko wana kazi nzuri wanageuza majani kuwa udongo. Usiku wa kwanza nilipata 37. Baada ya wiki mbili 12, alafu 4. Julai ile joto lilivunja rekodi, tarehe 19 Uingereza ilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza toka waanze kupima, watu wanahangaika na feni na mi nimefungua madirisha yote nafurahi sakafu yangu inakauka. Septemba viazi vilikuwa vitupu.

Mnaopanga, msianze kutoa hela zenu kwenye gata na kuta. Kwa England sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, kwa mikataba ya kawaida ya kupanga inamtaka mwenye nyumba atengeneze mwili wa nyumba na nje yake, gata na mabomba ya maji machafu yakiwemo. Shoga yangu wa Slough alimwambia mwenye nyumba wake kwa mdomo mwaka mzima akajibiwa afungue madirisha. Nikamwambia andika barua pepe, piga picha zenye tarehe, picha ya gata likivuja mvua ikinyesha, picha ya kipimo, na useme usipojibiwa utapeleka kwa maofisa wa afya ya mazingira wa halmashauri. Fundi alikuja ndani ya wiki tatu. Msitume picha ya mdudu peke yake, mtaletewa mtu wa dawa.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Makopo, unga, mtu wa dawa, povu, ni pauni 238 zilizopotea, ukiacha kanga. Vilivyofanya kazi ni pauni 838, na kubwa yake ni boriti ambazo povu langu liliongezea kuoza. Mtu akianza na gata na koleo mwezi wa kwanza wa kuwaona huenda asifike hata mia mbili.

Mvua za Oktoba 2022 nililala vibaya kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kila alfajiri nainua pazia. Nilimwona mmoja, alafu siku kumi hakuna, alafu wawili kwenye mlango wa nyuma. Kipimo kilikuwa 58. Mama alipopiga nikamwambia mtungi nimeupata, ulikuwa juu ya paa, akacheka akauliza kama nimemlipa yule mzee, nikamwambia anakula kwetu kila Ijumaa.

Wiki iliyopita nimemkuta gololi mmoja jikoni karibu na friji, kajikunja. Nimemtoa kwenye karatasi, nikachukua tochi nikazunguka nje. Tofali la nyuma lilikuwa limejaa majani ya jirani, yamelowa yamegandamana, nikayachokoa kwa kidole tundu moja moja mpaka nikasikia ubaridi wa hewa kwenye mkono.